Sehemu ya Pili Ilipofika Langas

Jumapili hiyo Johnstone Aloo alifungua kibanda chake cha video mapema kuliko kawaida. Alifagia sakafu, akafuta runinga kwa kitambaa chenye maji, kisha akatoa spika kubwa nje na kuitundika juu ya mlango. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha matope yanayong'ang'ania viatu, na watu waliofika walikuwa wakikwangua nyayo kwenye jiwe kabla ya kuingia. Wote walikuja kwa jambo moja. Sehemu ya pili ya picha ya Kamanda ilikuwa imefika mtaa wa Langas.

Aloo ndiye aliyempa Kamanda jina hilo. Kwenye picha yenyewe aliitwa jina la Kizungu ambalo hakuna aliyelishika. Kazi ya Aloo ilikuwa kukaa kando ya runinga na maikrofoni, kupunguza sauti ya Wazungu, na kusema yeye maneno ya kila mtu: ya stelingi, ya maadui, ya mama anayelia, hata ya mbwa. Miaka mingi nyuma alitoka upande wa ziwa kuja kutafuta kazi ya kiwanda Eldoret, akaikosa, na sauti yake ndiyo ikamlisha. Ilikuwa sauti nzito, iliyonyooka. Akisema kitu kupitia spika ile ya mlangoni, kilisikika mpaka kwenye steji ya bodaboda, na akina mama wauza mboga walifuata hadithi nzima wakiwa wamekaa kwenye vibanda vyao.

Watu walipokuwa bado wanagombania nafasi, Lennox akaingia.

Lennox alikufa mwaka uliotangulia, jioni ileile sehemu ya kwanza ilipoonyeshwa kwa mara ya mwisho, akazikwa kwao Turbo. Alikuja kwa lori lililokuwa likileta mahindi mjini. Alikuwa amevaa jaketi yake ya bodaboda, imeungua upande mmoja, na moshi mwembamba ulikuwa ukimtoka begani. Waliokaa kwenye benchi la pili, mahali alipozoea kukaa, walisogea. Bridgit, msichana anayesuka nywele jirani hapo, alitandika gazeti ili majivu yasimwagike kwenye benchi. Mtu mmoja akafungua dirisha.

"Nimechelewa?" Lennox aliuliza.

"Bado haijaanza," Bridgit akamjibu. "Umekonda."

"Kule hakuna chakula ya maana."

Muchiri, mwenzake wa steji, alimpa mkono na kumwuliza habari za safari. Lennox akasema barabara ya Turbo ni ileile. Kisha akageuka kuwatazama wote.

"Mimi nakumbuka Kamanda akibaki peke yake kwa daraja," alisema. "Halafu picha ikaisha, nikatoka niwashe pikipiki. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Kwani nilikufa na nini?"

Watu wa benchi wakakunja nyuso, kama wanaotafuta jina la mtaa walilolisahau.

"Ajali," Muchiri akasema.

"Ya pikipiki?"

"Ya pikipiki."

Lennox akasikitika. "Na ilikuwa mpya."

"Ilikuwa mpya," Muchiri akakubali.

Aloo alikuwa ameinama anachomeka nyaya, akasikia yote. Pikipiki ilikuwa mpya kweli. Haikuwa hata na nambari. Yeye mwenyewe alikuwa ameandamana na Lennox mjini kuinunua, na yeye ndiye aliyemshauri achukue nyekundu. Wiki hiyo pikipiki ya mtu wa steji ilikuwa imeibwa. Lennox alipotoka kwenye picha na kuiwasha yake, Muchiri akapiga kelele kwamba mwizi ndiye huyu, na waliokuwa wakitoka kwenye mabenchi, damu zao zikiwa bado zinachemka kwa mambo ya Kamanda, wakamzunguka. Lennox hakukimbia. Alisema, "Muulizeni Aloo. Aloo alikuwa na mimi nikinunua." Alisema hivyo tena na tena. Aloo alikuwa ndani, maikrofoni mkononi, bado inawaka. Neno moja tu lingesikika mpaka steji. Alifikiri, ngoja watulie kwanza. Hawakutulia. Mtu akaleta tairi, mwingine akaleta petroli. Polisi walipokuja kuuliza, waliambiwa hakuna aliyeona kitu, na Aloo alikuwa miongoni mwa waliosema hivyo.

Sasa alinyoosha mgongo, akaweka picha.

Katika sehemu ya kwanza, genge moja lilikuwa limemuua mdogo wake Kamanda kwenye kituo cha mafuta, na Kamanda alikuwa amepunguza baadhi yao tu. Katika hii ya pili aliwatafuta waliobaki. Kibanda kizima kilisimama. "Nyuma yako, Kamanda! Nyuma!" Alipomtupa yule mnene kutoka juu ya ghorofa, watu wasiojuana walikumbatiana. Hakuna aliyeshangilia kumshinda Lennox. Kila alipopaza sauti, cheche zilimruka kwenye ukosi, na Bridgit alizizima kwa skafu yake bila kuondoa macho kwenye runinga.

Karibu na mwisho Kamanda alirudi kwenye kile kituo cha mafuta. Mzee aliyekuwa akiuza mafuta siku ya mauaji alikuwa bado yupo. Siku hiyo alikuwa amejifungia nyuma ya kioo, simu kando yake, akatazama mpaka mwisho. Kamanda alisimama mbele yake. Mzee akatikisa midomo.

"Niliogopa," Aloo akasema kwa niaba yake.

Kamanda alimtazama kwa muda mrefu, akarudisha bastola kwenye koti, akaenda zake. Picha ikaisha.

Hakuna aliyetoka. Walibaki kubishana, maana walikuwa wameisubiri picha hiyo kwa muda mrefu na kila mtu alikuwa na neno lake. Bridgit alisema ya kwanza ilikuwa na uchungu, hii ni magari tu. Mwingine akasema ile vita ya sokoni haitapata mwenzake. Lakini kuhusu yule mzee wa mafuta karibu wote walikuwa upande mmoja.

"Mbona amemwacha?" Muchiri aliuliza. Alikuwa ameudhika kweli. "Simu ilikuwa hapo hapo. Angepiga tu."

"Si hata hakuwa na bunduki," mtu akamtetea mzee.

Lennox alifikiri kabla ya kusema. Hata alipokuwa hai alisikilizwa sana kwenye mambo ya picha, kwa sababu hakuwa mtu wa kubwabwaja. "Wale wengine walikuwa na hasira," alisema. "Mtu akiwa na hasira hajui anafanya nini. Huyu hakuwa na hasira. Alikuwa hapo tu. Mimi ningeanza na yeye."

Wakakubaliana kwamba hayo ndiyo maneno. Muchiri akampigapiga begani, kisha akapangusa majivu kwenye suruali yake. Aloo alikuwa akikunja waya. Alipomaliza kuukunja aliukunjua, akaukunja tena.

Picha ilipendwa, ikarudiwa kila Jumapili, na kila Jumapili Lennox alishuka kutoka kwa lori akaja kukaa penye gazeti lake. Watu walimzoea. Kama kuna mgeni aliyelalamika kuhusu moshi, aliambiwa avumilie au atoke. Aliyefadhaika ni Aloo. Usingizi ulimpungua. Kila picha ilipofika kwenye kituo cha mafuta alisema lile neno moja, akamwona Lennox akitikisa kichwa kwa dharau, si kwake, kwa mzee wa kwenye runinga, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Jumapili moja, mzee alipofungua mdomo, Aloo akasogeza maikrofoni karibu.

"Nilimsikia," alisema. Sauti yake ikatoka nje mpaka steji. "Aliita jina langu. Alisema niulizwe mimi. Pikipiki ilikuwa yake. Nilikuwa na yeye akiinunua, na nilinyamaza."

Kwenye runinga Kamanda alikuwa bado anamtazama mzee. Nje, mtu alizima injini. Vichwa vyote kwenye mabenchi viligeuka, na Aloo akangoja. Alikuwa tayari kwa lolote ambalo lingekuja.

"Pikipiki imetoka wapi?" Muchiri aliuliza. "Hapo kuna pikipiki?"

"Hiyo haiko kwa picha," mwingine akasema.

Bridgit alikuwa akitazama viganja vyake. "Aloo, sema tu vile iko," alisema taratibu.

Kisha Lennox mwenyewe akageuka, kwa heshima, kama mtu anayemkosoa rafiki. "Buda, hapo umetuharibia. Huyo mzee alisema aliogopa. Sisi tulishasikia."

Aloo aliwatazama. Aliitafuta hasira kwenye macho ya Lennox, hakuiona. Alichoona ni shabiki aliyekatiziwa utamu.

"Niliogopa," Aloo akasema kwenye maikrofoni.

"Sasa hapo," Lennox akajibu, akageukia runinga.

Habari hufika Turbo kwa malori yaleyale. Kabla mahindi ya msimu hayajaisha, mama yake Lennox, Mama Kavetsa, alifika Langas, amevaa nguo za kanisa na leso mabegani. Alimkuta Aloo nje akitundika spika.

"Wewe ndiye Aloo?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anakutaja sana nyumbani. Aloo hivi, Aloo vile." Alichungulia mlangoni lakini hakuingia. "Ameshafika?"

"Yuko ndani. Karibu, mama."

"Nitaingia." Alishika leso yake kwa mikono miwili. "Watu wa hapa mlikuja wengi kwa matanga, mkaleta mchango. Nilishukuru. Vile alikufa najua, maiti niliiona kwa macho yangu. Niliambiwa waliofanya hawajulikani, nikaachia Mungu. Lakini hakuna mtu aliniambia neno lake la mwisho. Wewe ulikuwa karibu. Alisema nini?"

Aloo alishuka kutoka kwenye kiti alichokuwa amepanda. Neno lenyewe lilikuwa pale pale, halikuhitaji kutafutwa. Alimtazama yule mama, viatu vyake vilivyopakwa rangi asubuhi na sasa vimejaa matope, na akaona hawezi. Alikuwa amewasemea watu wengi mno wanaokufa. Alijua jinsi inavyofanywa.

"Alikuita wewe, mama."

"Mimi?"

"Alisema mama. Alirudia sana."

Mama Kavetsa aliketi kwenye kile kiti. Alifunika uso kwa leso, mabega yakatikisika, kisha yakatulia. Alipofunua uso alionekana amepumzika, na Aloo akajiambia kwamba angalau kuna kitu amempa. Mama alimshika mikono yote miwili, akamshukuru.

"Siku hiyo tulikuwa tunapukuchua mahindi," alisema baadaye. "Mashine ilikuwa inanguruma tangu mchana. Ndiyo maana sikusikia."

"Turbo ni mbali, mama. Hungeweza kusikia."

"Ningesikia," alisema. "Ni hiyo mashine."

Aloo alifungua mdomo. Mama alikuwa ameshainuka, anakwangua viatu vyake kwenye jiwe, anaingia.

Lennox alisimama alipomwona, akampisha kwenye benchi. Mama hakuketi. Alikung'uta majivu kwenye ukosi wa mwanawe, akaunyoosha, kama anavyofanyiwa mtoto anayekwenda shule.

"Lennox," alisema, na kibanda kizima kilisikia kwa kuwa picha ilikuwa haijaanza. "Uliniita na sikukuja. Nisamehe."

Lennox alimtazama bila kuelewa. Alikuwa mtoto mwenye adabu siku zote.

"Ni sawa, mama," alisema. "Ilikuwa ajali tu."

Mama Kavetsa alitazama bega la mwanawe lililokuwa likifuka moshi. Akageuka akatazama mabenchi, uso mmoja baada ya mwingine, na mabenchi yakatazama runinga ambayo haikuwa na kitu. Kisha akaamua kutomwambia.

"Ndiyo," alisema. "Ajali."

Akaketi, Bridgit akampa nusu ya gazeti.

Aloo alikuwa amesimama mlangoni. Alijua kwamba mzigo aliokuwa nao asubuhi ulikuwa sasa mgongoni mwa mama huyu, na kwamba ni yeye aliyeuweka hapo, kwa mikono yake na kwa nia njema. Kulikuwa bado na nafasi ya kuuondoa. Ingetosha kutembea hatua chache na kusema.

"Aloo, weka basi," mtu akasema kutoka nyuma. "Jua linaenda."

Akaweka. Milio ya risasi ikaanza, na watu wakasogeleana. Mama Kavetsa hakuwa amewahi kuona picha ya namna hiyo. Alivumilia kidogo, kisha akamwinamia mwanawe na kumwuliza kwa sauti ya chini, mtu mzuri ni nani hapo.

Lennox akamwonyesha kwa kidole. Muchiri, aliyekuwa ameketi mbele yao, aliinamisha kichwa ili mama aone vizuri.