Mlango wa Mama Kim

Siku ndege ya mizigo ilipoanguka nje ya jiji, Lydiah alipata habari kwenye redio ya muuza mboga. Aliacha mboga zake za sukuma wiki mezani akampigia mumewe. Thuo alikuwa mkuu wa matengenezo katika kampuni ndogo yenye ndege hiyo, iliyopeleka majani ya miraa Somalia.

"Mimi niko salama," Thuo alisema. "Kim alikuwa ndani."

Kim alikuwa mtoto wa jirani. Nyumba zao hapo Kaloleni ziliungana ukuta. Alipomaliza shule na kukosa kazi, mama yake, Kanyiva, alimwomba Thuo amsaidie, na Thuo akamwingiza kwenye kampuni awe mpakiaji anayesafiri na mizigo. Kijana alifurahi mpaka akawa anavaa koti la kazi hata siku za kupumzika.

Asubuhi ya mazishi Thuo alivaa suti, akaketi kitandani, akaivua. Lydiah alienda mazikoni Machakos peke yake. Aliporudi jioni, mumewe hakuwepo, wala simu yake haikupatikana.

Wiki zikapita. Mkurugenzi wa kampuni, Wathome, alitokea kwenye televisheni akasema kwamba ndege ilikuwa nzima na rubani ndiye aliyekosea. Lydiah alimsikiliza akijua si kweli. Siku kadhaa kabla ya ajali, Thuo alikuwa akirudi nyumbani bila hamu ya chakula, akisema tu, "Ile injini, Lydiah. Ile injini."

Lakini kilichomsumbua zaidi hakikuwa injini. Alimkosa mumewe. Alikosa harufu ya ile sabuni kali aliyooshea mikono kutoa grisi, na jinsi alivyozoea kulalamika kuwa chai haina majani, kisha anaongeza kikombe cha pili. Alivaa sweta lake ndani ya nyumba hata jua likiwaka. Akikutana na mwanamume mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama ya Thuo huko Kariobangi sokoni, alimfuata hatua chache kabla ya kujirudi. Na kupitia ukutani alimsikia Kanyiva akilia, naye akauma mto, kwa sababu aliona haya kumlilia mtu aliye hai.

Mchana mmoja Kanyiva alimkuta akichota maji kwenye mfereji.

"Mama Eve, mumeo yuko wapi?"

"Sijui, Mama Kim. Haki ya Mungu sijui."

"Ukijua, mwambie sitaki pole yake." Kanyiva aliufunga mfereji kwa nguvu. "Wanasema rubani alikosea. Mimi nataka mtu aliyekuwa huko aniambie mtoto wangu alikufa kwa nini. Hicho tu."

Siku chache baadaye, simu ya Lydiah ililia. Namba ilikuwa ngeni.

"Ni mimi."

Lydiah akaketi sakafuni. "Uko wapi? Umekula? Nani anakufulia?"

"Niko Nyahururu, kwa rafiki. Hapa hakuna anayenijua. Kuna gereji wananipa kazi kidogo. Njoo, Lydiah. Funga nyumba uje. Siwezi kukaa bila wewe."

Alitamani kwenda. Akilini alikwisha kuuona mkoba wake juu ya kabati, na nguo atakazoanza kukunja. Binti yao Eve alikuwa chuoni, hakuna ambacho kingemzuia. Upande wa pili wa ukuta, Kanyiva alikohoa.

"Sitakuja," alisema. "Nakutaka hapa. Lakini ukirudi, usianzie kwangu. Anzia kwa mlango wa Mama Kim."

Thuo alikata simu. Lydiah aliipiga tena na tena, haikushikwa. Alijuta, akajilaumu, akaapa kwamba akipiga tena atakubali chochote.

Thuo alirudi Jumapili moja, watu wakitoka kanisani. Lydiah alimwona kutoka dirishani, amekonda, ndevu zimekua. Thuo aliutazama mlango wake mwenyewe, kisha akapita, akabisha hodi kwa jirani.

Lydiah alitoka akasimama nje. Mlango ulikuwa wazi, akasikia kila neno.

"Injini ya kushoto ilikuwa inavuja mafuta," Thuo alikuwa akisema. "Mafundi waliniambia ndege isiruke. Nikamweleza Wathome, akasema miraa ikikauka nani atainunua, nitafute njia. Nikaitafuta. Niliwaambia mafundi waongeze mafuta, waiachilie. Rubani hakukosea, Mama Kim. Mimi nilijua, na Wathome alijua."

"Kim alijua?" Kanyiva aliuliza.

"Hapana. Aliniuliza kama iko sawa. Nilimwambia iko poa."

Kanyiva hakupiga kelele. Alisema polepole, "Basi twende ukayaseme hayo mbele ya wachunguzi wa ajali. Na nitakuwa nimekaa pale nikikuangalia."

Thuo aliyasema mbele yao, na mafundi wawili waliokuwa wakiogopa wakasimama baada yake kuthibitisha. Wathome alikana, akamtupia Thuo lawama zote, lakini wachunguzi hawakukubali. Kampuni ilipokonywa leseni, na Thuo na Wathome wakashtakiwa. Jina la rubani likasafishwa.

Kabla hajapelekwa rumande, Thuo alilala nyumbani siku chache. Lydiah alimnyoa ndevu, akamshika kichwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Sasa Lydiah humtembelea huko rumande. Kanyiva hajamsamehe Thuo, na Lydiah hajamwomba afanye hivyo.

"Umekonda," Thuo alimwambia juzi.

"Wewe pia."

Lydiah alitaka kumweleza jinsi nyumba ilivyo kubwa bila yeye, jinsi anavyoamka akinyoosha mkono upande wake. Askari akasema muda umeisha.

"Nitakuja tena," alisema Lydiah, na akabaki ameketi mpaka mumewe alipopotea nyuma ya mlango.