Kishikio cha Pande Mbili

Kitu cha kwanza Idella kukiona kilikuwa skrubu. Zilipangwa ndani ya kifuniko cha chupa ya jamu, pale mezani ambapo baba yake huweka kikombe cha kahawa. Kando yake ile bunduki ndogo ya kuwindia kindi ilikuwa imefunguliwa, na mzee Harlan ameiinamia, akihema kwa pumzi fupi za mtu aliyemeza vumbi la makaa ya mawe nusu ya maisha yake.

"Imeharibika, Baba?"

"Nabadilisha kishikio cha kukokia. Hiki kipya kina masikio kulia na kushoto. Utakaloshika, sawa."

Idella aligeukia jiko ili asionekane anatabasamu. Yeye alitumia mkono wa kushoto. Kishikio cha zamani kilikuwa upande wa kulia tu, kwa hiyo kila alipokoki alilazimika kupitisha mkono juu ya bunduki, na kindi mwenye akili hakumngoja. Hata hivyo ni yeye aliyeilisha nyumba tangu mapafu ya baba yake yashindwe kupanda mlima.

Katika bonde lile, asubuhi ya kwanza ya msimu wa kindi, mwenye nyumba huweka bunduki mezani watu wakishakula, akataja jina. Anayetajwa, bunduki ni yake moja kwa moja. Harlan alikuwa hajawahi kumtaja mtu. Mwanawe Verlin aliangukiwa na paa la mgodi, akafa kabla msimu wake haujafika.

Asubuhi ilipofika, Idella alioka mikate, akachana nywele, akavaa koti la kuwindia. Verlin aliingia kwa mlango wa nyuma na kuketi. Alikuwa na buti za mgodini, na taa ya kofia yake ilikuwa bado inawaka.

"Vua viatu, we Verlin!" Shangazi Oma, aliyeishi nao, alifoka. "Sakafu nimeipiga deki jana."

"Samahani, Shangazi."

"Na hiyo taa zima. Betri haziokotwi."

Verlin aliizima. Akachukua mkate kwa mkono wa kushoto. "Nasikia kishikio kimepatikana, Baba."

"Si nilikwambia? Kile cha zamani ulikilalamikia mpaka masikio yakaniuma."

Kweli Harlan alikuwa amemwambia, kaburini. Kila Mei watu wa bonde hupeleka maua na chakula makaburini, wakawapa marehemu habari za nyumbani, na Harlan akianza kusema hajui pa kukomea. Wengine huishia kwenye habari za mvua na ndoa. Yeye aliahidi bunduki.

Aliiweka mezani. "Verlin," akataja.

Idella alikuwa ameshaunyosha mkono. Aliurudisha, akaanza kukusanya sahani.

Verlin alipanda mlimani. Milio ilisikika ikifuatana vizuri, maana kishikio kilikuwa laini. Kabla ya saa sita alirudi na kindi wengi, lakini walikuwa kindi waliokufa miaka ile aliyokuwa hai, wepesi kama mifuko mitupu. Idella aliwachuna, akawakaanga. Hawakutoa mafuta. Mchuzi ulibaki maji.

"Nyama ya leo laini kweli," Harlan alisema.

"Hata meno hayaisikii," Shangazi Oma alijibu.

Ikawa hivyo msimu mzima. Majani ya miti ya hikori yalipoanza kudondoka, Harlan alikuwa ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, na pete ya Shangazi Oma ilikuwa imemchopoka kidoleni, ikazama kwenye maji ya vyombo. Waliitafuta, wakaipata, akaifunga kwa uzi. Verlin peke yake hakupungua.

Siku moja mchana unga nao ulikuwa umebaki wa mkate mmoja. Idella aliuoka mkate huo, akauleta mezani. Harlan aliutazama, akausukuma mbele ya Verlin.

"Kula, mwanangu. Kesho unapanda tena. Kishikio kinakwamakwama? Nikitie mafuta?"

"Kiko sawa, Baba. Kulia, kushoto, kote sawa."

"Nilijua tu. Kitu kizuri apewe mtu wa kukitumia."

Idella alisimama nyuma ya kiti cha baba yake, sufuria mkononi. Sauti yake ilitoka ndogo, na hakuna aliyegeuka.

"Baba, mimi ndiye niliye hai."