Mafiga ya Chumba cha Mvuke

Saa mbili kasorobo asubuhi Nanjala alikuwa amekwisha kukunja taulo, kila moja mara tatu, na kupanga ndala nyeupe mlangoni zikitazama ndani, ili mgeni asihangaike kugeuza mguu. Alikata tango vipande vyembamba akavitia kwenye jagi la maji. Madamu Wanjugu, mwenye spa, alipitisha kidole juu ya meza kutafuta vumbi, akakitazama, akaridhika.

"Mgeni asiulizwe kitu mara mbili," alisema, kama alivyosema kila asubuhi. "Na aitwe kwa jina kabla hajafika hatua ya tatu. Sawa, mami?"

"Sawa, Madamu."

Spa yenyewe ilikuwa Lavington, mtaa wa kitajiri wa Nairobi, nyumba ya vigae vyekundu nyuma ya ua mrefu wa miiba, na ikiitwa Pumziko. Mwaka huo wa 2006 kitabu cha wageni kilikuwa kimejaa hadi baada ya Pasaka. Hawakuja kwa sababu ya kukandwa mgongo, maana mgongo hukandwa kila mahali. Walikuja kwa ajili ya mvuke.

Zamani chumba cha mvuke kilitumia mawe ya dukani, na yalikuwa yakipasuka. Mwezi wa kwanza Tobias, dereva wa pikapu, akaleta mengine thelathini na sita, ya bure, kutoka nyuma ya machinjio ya Dagoretti. Hapo palikuwa na nyumba za mabati hadi Alhamisi moja tingatinga zilipopita. Mawe hayo yalikuwa meusi upande mmoja na hayakupasuka. Yalipomwagiwa maji mara ya kwanza, mvuke ulinukia maharagwe yenye kitunguu. Wageni walitoka wakipangusa midomo. Mama mmoja wa Loresho aliomba kijiti cha kuchokoa meno, akapewa, na tangu siku hiyo vijiti vikawekwa mezani kando ya jagi.

Bwana Kibe, mwenye zile tingatinga, alikuja kila Ijumaa na kulia kidogo.

"Nimeliona jiko la shosho, nyanya yangu, haki," alisema akifunga shuka kiunoni. "Halafu kuna mtu ameita, 'Nanjala, leta mwiko.' Si Nanjala ni wewe?"

"Ni mimi, mzee," alisema Nanjala, akampa maji ya tango.

Sauti hiyo aliijua. Ilikuwa ya mama yake, Selpher, ambaye hakuwa amekufa. Walikuwa wamekaa pamoja kwenye zile nyumba za mabati, na sasa walikaa chumba kimoja Kawangware.

Tangu Alhamisi ile chakula cha Selpher hakikuiva. Makaa yalishika vizuri, sufuria ikakaa juu yake kutwa nzima, na maji yakabaki baridi kama ya mtoni. Jirani mpya alimpikia ugali. Ukarudi kuwa unga mkononi mwake. Mkate wa dukani ulikuwa unga kabla ya kufika mdomoni. Familia zote kumi na mbili zilizobomolewa nyumba pamoja zilikuwa hivyo hivyo, zikila ndizi na karoti. Daktari wa zahanati alimpima Selpher, akasema anakosa chakula cha moto, akamwandikia uji.

Nanjala alipomweleza habari za mawe, Selpher aliitikia kwa kichwa tu.

"Ni mafiga yetu," alisema. "Kwetu mwanamke akihama hungoja yapoe, halafu hugeuza moja kifudifudi kwa mkono wake, ili moto ujue nyumba imehama. Siku ile chungu kilikuwa bado kinachemka. Moto unanipikia hadi leo, mwanangu. Hauna habari ni nani anayekula."

Selpher alikuwa mtu wa vitendawili. Nanjala alipokuwa mdogo alishindwa kila jioni na kutozwa mji, kama desturi ilivyo, hata kufikia darasa la tatu mama yake alikuwa amemiliki Kisumu, Kitale na Mombasa nzima. Sasa alikuwa amekonda hadi kitambaa hakikai kichwani, lakini bado alitega, kwa sauti ndogo.

Nanjala alilelewa kuomba kabla ya kugusa cha mtu. Kwa hiyo alimwendea Madamu Wanjugu.

"Si kuyabeba mawe, Madamu. Mama aje tu Jumapili, gesi ikiwa imezimwa, ageuze moja, aende zake. Asipokula hafiki mwezi wa sita."

Madamu alimmiminia chai, akaongeza sukari bila kuulizwa. "Na akigeuza, mvuke wake unaondoka naye?"

"Ndiyo, Madamu."

"Na hao wengine kumi na mmoja wakisikia?"

Madamu akampapasa bega.

"Umefanya vizuri kuniambia, mami. Kuna watu wangenyamaza."

Jumapili hiyo Oloo, mlinzi wa getini, aliwafungulia. "Pita tu, mathee," alimwambia Selpher. "Hata mimi mvuke wako nimeula sana. Pole."

Kwenye chumba cha mvuke moto wa samawati ulikuwa ukivuma chini ya mawe. Ukutani palikuwa na karatasi yenye mwandiko mzuri wa Madamu: Gesi isizimwe. Hata Jumapili.

Selpher aliyatambua matatu yake, kwa sababu moja lilikuwa na mfuo alikozoea kunolea kisu. Akalishika. Jiwe halikusogea, na ngozi ya kiganja ikabaki juu yake. Nanjala alimwaga ndoo tatu za maji ili mawe yapoe. Hayakupoa. Mvuke ulipanda hadi darini, na Selpher akauvuta akiwa amekaa sakafuni na mkono wake mapajani. Alipiga mbweu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, akalala.

Jumatatu Madamu mwenyewe alimpaka mafuta ya mshubiri mkononi, yale ya wageni.

"Oloo ameniambia mvuke wa jana ulifika getini," alisema. "Ukikaa karibu, mama, unakolea. Kaa hapa nasi. Nitakupa kazi."

Selpher akapewa gauni jeupe na kigoda pembeni mwa mawe. Sharti lilikuwa moja, mikono ikae mapajani. Alikubali, kwa maana hapo alishiba, na nje ya hapo hakushiba. Wale wanawake wengine kumi na mmoja walipokuja kusimama nyuma ya ua wa miiba, Madamu aliwapelekea ndizi. Zaidi ya mtu mmoja ndani, alisema, utulivu utapotea.

Wageni walimpenda sana, hasa alipoanza kutega. Ijumaa iliyofuata, katikati ya mvuke mzito, alisema, "Kitendawili."

"Tega!" waliitikia, sauti ya Bwana Kibe ikiwa juu kuliko zote.

"Niko jikoni kwangu, na kwangu hakuna jiko."

Walijaribu konokono. Walijaribu ndege, wakajaribu mbalamwezi. Bwana Kibe alijikuna kifua chenye jasho.

"Tumeshindwa, mathee."

"Nipeni mji."

"Mji?" Bwana Kibe alicheka hadi tumbo likatikisika. "Chukua ule mtaa wa mabati wa bondeni, chini ya Loresho. Wote wako, hadi mto."

"Nimeuchukua," alisema Selpher. "Jibu ni mimi."

Wakacheka wote. Madamu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alienda kumpigia Tobias simu.

Alhamisi, saa mbili kasorobo, pikapu iliingia kwa lango la nyuma ikitoka bondeni. Ilikuwa imebeba mawe arobaini na tano yaliyofunikwa kwa turubai, na chini ya turubai palinukia chai ya maziwa iliyokaribia kufurika. Tobias alishusha akiwa amevaa glavu nene, maana bado yalikuwa ya moto. Selpher alisimama kwenye ngazi, akayatazama yakipita matatu matatu, akarudi kwenye kigoda chake.

"Ongeza ndala, mami," alisema Madamu Wanjugu.

Nanjala akaongeza, jozi kumi, zikitazama ndani.