Dawa Nyekundu ya Fidélie

Clémentine alimchukia wifi yake Fidélie, na aliona ana haki. Miaka mitatu nyuma, Fidélie alipokatwa titi la kushoto kwa kansa, Clémentine ndiye aliyeacha meza yake ya unga sokoni Kikula akamfuata Lubumbashi, akamshikia beseni la kutapikia kila alipotundikiwa dawa nyekundu. Madaktari wakasema amepona. Clémentine akarudi naye kwenye nyumba waliyoishi pamoja, akitegemea kupata msaidizi. Akapata malkia.

Tangu Pasaka iliyopita Fidélie alikuwa akifagia nusu ya ua, kisha anakaa. Alilala ameegemea mito mitatu, miguu imevimba, na akiulizwa alisema pumzi inamkatika. Mumewe Barthélemy, mdogo wa Clémentine, alifanya kazi kiwandani Kakanda na kurudi Jumamosi tu. Mbele yake Clémentine alinyamaza. Akishaondoka, aliyasema yote.

Mwezi wa tisa kulikuwa na msiba kwa jirani. Wanawake walisonga bukari, ugali wa wafiwa, jasho likiwatoka. Fidélie alikuwa kwenye kiti.

"Mumuangalie ule," Clémentine akasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Kansa ilisha kuisha. Uvivu njo ulibakia."

Wengine wakacheka.

"Yaya, dada yangu, nilikuambia, pumzi haitoshi," Fidélie akasema.

"Pumzi ya kula uko nayo."

Fidélie akainuka, akachukua ndoo, akaenda bombani. Alirudi nayo kichwani, imejaa, macho yake hayamwachi Clémentine. Kabla hajafika akaanguka na ndoo yake. Clémentine alidhani anaigiza. Akamwendea na neno kali mdomoni, akakuta midomo imekuwa ya kijivu.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo, jina lake Arielle. Aliutazama moyo wa Fidélie kwenye mashine ya ekografi, kisha akamwita Clémentine pembeni.

"Kule Lubumbashi alipata dawa nyekundu?"

"Alipata. Miye mwenyewe nilikuwako."

"Kisha pale, nani alimupima moyo?"

"Moyo wa nini? Alikuwa na kansa ya titi."

"Ile dawa inaua kansa, mama. Lakini kuko batu inaregezea moyo, mara ingine kisha miaka kupita. Na tension yake, presha ya damu, iko juu, ile inaongeza. Moyo hausukume damu muzuri, maji inabakia mu mapafu na mu miguu. Njo maana hawezi kulala chini."

"Hakuna mutu alitwambia."

"Miguu ilianza kuvimba lini?"

"Pasaka."

"Na mulingojea mupaka leo?"

Clémentine alitamani kumpiga kofi.

Wodini Fidélie alikuwa na mpira wa oksijeni puani.

"Ulisikia vile daktari alisema?" akamuuliza Clémentine.

"Nilisikia."

"Basi toka."

"Nilikuletea uji."

"Acha uji, utoke."

Barthélemy alipofika kesho yake, Clémentine alimweleza kabla wengine hawajamweleza. "Nilimutukana mbele ya batu, akabeba ndoo." Ndugu yake akampita akaingia wodini. Wiki nzima hakumsemesha.

Fidélie alirudi nyumbani baada ya siku tisa, na vidonge vya asubuhi na jioni, chumvi kidogo, mizigo mizito marufuku. Clémentine akawa anateka maji yote, na kumpikia sufuria yake peke yake.

"Mboga haina ladha," Fidélie alisema.

"Ni vile daktari alisema."

"Sikukuuliza daktari."

Hivyo ndivyo walivyoishi mwezi mzima. Siku ya kupimwa tena Clémentine alifunga kitenge akaenda naye bila kualikwa, akaingia mpaka kwa Arielle, akauliza maswali yote: vidonge vitanywewa mpaka lini, dalili gani ya kukimbilia hospitali, moyo utapimwa tena siku gani. Arielle alisema moyo umepata nguvu kidogo, lakini dawa zisikatwe hata akijisikia mzima.

Nje, getini, Fidélie akasimama kuvuta pumzi.

"Usifikiri nilikusamehe."

"Sikuomba."

"Ungepaswa kuomba."

Clémentine akaangalia barabara. "Unisamehe," akasema, kama mtu anayetema mfupa wa samaki.

"Nitaona," Fidélie akajibu, akaanza kutembea polepole. Clémentine akamfuata nyuma, akipunguza hatua, mpaka Kikula.