Vidole Vine vya Theluji

—vine, Domi! Si kimoja, si kimoja na nusu, vidole vine! Nilipiga kelele pale pale kazini kwangu Kanyaruchinya, kwenye tanki ya maji ya wakimbizi, bidon zimepanga foleni mpaka barabarani. Mama mumoja akaniuliza, «Mademoiselle, vita imeisha?» Nikamuambia hapana mama, ni theluji, theluji imerudi kwenye mulima wa kwetu! Akaniangalia namna unaangalia mutu wa malaria, akasukuma bidon yake mbele.

Ngoja. Usikate hii vocal, sikiliza sauti yangu mpaka mwisho, nianze vizuri, juu wewe uko Bukavu tangu mwezi wa sita unaanza, na tena ulisoma comptabilité, hesabu za pesa, maji unaijua ya bidon tu.

Unajua Papa hakukuja Goma na sisi. Papa Adalbert alibaki Mutwanga, chini ya Ruwenzori, na kakao yake na muto wake. Nasema muto, lakini ni kamuto, unakaruka na muguu moja. Kanatoka juu kabisa kwenye barafu, ile sisi Wanande tunaita nzururu, kanateremuka mpaka kwenye captage ya quartier yetu, pale maji inakingwa. Robine sita, na watu wote wa kule wanatekea hapo. Ujana wake wote Papa alikuwa porteur, anabeba mizigo ya watu wa kupanda mulima. Hiyo nzururu aliikanyaga na miguu yake. Anasema mahali alikuwa anafungia kamba za viatu ili aingie kwenye barafu, leo ukifika pale unatembea tena saa nzima juu ya mawe matupu.

Sasa sikia, ni rahisi. Muchana jua linapiga barafu, barafu inayeyuka, jioni kamuto kanapanda. Usiku baridi inafunga kila kitu, asubui kamuto kamerudi chini. Muto wa mvua tu hauna tabia hiyo, ule unapanda wakati mvua imependa. Prof Viateur, aliyenisimamia TFC, ile kazi ya kumaliza masomo, alinikemea mara ngapi: «Charline, usidanganye jury. Kwa mwaka muzima mvua ndiyo inajaza mito yetu. Barafu ni kijiko. Lakini saison sèche, mvua ikikata, kwenye kamuto kenu hicho kijiko ndicho kinafanya robine isikauke.» Na mimi ndiye nilikuwa ninasoma mambo ya mito huku Goma, muji wa mawe ya volcan, hakuna hata muto moja wa kunawia miguu!

Papa alisimamisha ubao kwenye kamuto kake, akauchora mistari, kila mustari upana wa kidole chake mwenyewe. Miaka kumi na inne anausoma, asubui na jioni, anaandika kwenye cahier, na tangu nianze TFC ananitumia SMS kila siku: «Asub 11. Jioni 12.» Basi. Hakuna bonjour, hakuna muko aje. Mama yangu Masika alikuwa analalamika, «Mimi niliolewa na thermomètre.» Lakini barabara ya Rutshuru ikakatwa na vita, kule Beni nako wale wa pori wanaua watu mashambani, na ile namba ikageuka salamu. Nikirudi kazini Mama anauliza tu, «Papa yako amehesabu?» Nikisema amehesabu, anaweka sufuria kwenye makala. Tukaishi hivyo. Kosa letu ni hilo, Domi. Tulifikiri mutu anayehesabu maji lazima awe pembeni ya maji.

Mwaka huu maji ya jioni ilikuwa inapita ya asubui na kidole kimoja tu. Siku zingine nusu. Ba mama wa Mutwanga walianza kulaza bidon kwenye robine ili zilinde foleni. Alafu siku mbili SMS haikuja, tukasema ni rézo ya telefone tu, na tarehe kumi ya mwezi wa saba, pa! «Asub 11. Jioni 15.» Vidole vine! Kesho yake, kumi na kumi na inne. Ya tatu, kumi na kumi na tatu, na pembeni ameandika «mawingu». Ya ine, tena kumi na moja na kumi na tano. Nikasema barafu imepona. Nilimuambia Mama, Mama akaambia ba mama wa chorale, wale wa kwaya, pale Katoyi, wakapiga vigelegele kama kuna ndoa. Nikakimbia kwa Prof. Yeye akatoa lunettes, akazifuta, akazivaa.

«Charline, barafu hairudi kama mutu aliyesahau mwavuli.»

«Lakini namba, Prof!»

«Namba ni nzuri. Nzuri kupita. Siku ine toka leo niko na wageni, nitawaonyesha usiponiambia kuna kosa. Nenda uangalie tena.»

Nilikasirika! Nikarudi nyumbani, nikafungua TFC yangu kule nyuma, kwenye annexe, mahali niliandika tena cahier zote za Papa, mustari kwa mustari, mpaka vidole viliniuma. Nilitaka nimuonyeshe Prof kwamba Julai ya zamani zilikuwa hivyo hivyo. Na kweli zilikuwa hivyo hivyo, Domi. Cahier ya kwanza, 2009. Tarehe kumi: 11, 15. Kumi na moja: 10, 14. Kumi na mbili: 10, 13, mawingu. Kumi na tatu: 11, 15.

Hata mawingu.

Nilifunga telefone, nikaifungua tena, kama mutu anayefunua sufuria akitumaini nyama imeongezeka. Namba ni zile zile. Basi ni mambo mawili tu: Papa hayuko pembeni ya ubao wake, ao mwenye kushika telefone si Papa. Nikapiga. Inalia mpaka inakata. Nikapiga tena. Inalia mpaka inakata. Mara saba, nimesimama kwenye choo ili Mama asinisikie, juu unajua ugonjwa wake wa tension.

Nikatoka. Mama anachambua maharagi.

«Papa yako amehesabu?»

«Amehesabu.»

«Ngapi?»

«Onze... quinze.»

«Mbona unasema kama mutu anameza quinine?»

«Mama, tension yako...»

«Tension yangu iache, mimi ndiye ninaishi nayo. Papa yako ana nini?»

Nikamuambia. Nikamuonyesha karatasi, kidole changu kwenye 2009, telefone pembeni. Mama hakusoma sana, lakini namba anazijua kupita mimi. Aliangalia, akaangalia, akatoa sufuria kwenye makala, akaiweka chini. Maharagi haikupikwa ile siku.

«Andika,» akasema. «Hii ni maji ya 2009. Ya leo iko wapi?»

«Na salamu?»

«Salamu gani? Yeye alishatusalimia lini?»

Nikatuma. Tukaweka telefone kwenye meza, katikati yetu, kama mugonjwa. Hatukupigia mutu, ili laini isikuwe occupée. Mama alisali rozari moja, akaanza ya pili, akasahau yuko fumbo gani, akarudia. Mimi nilikuwa ninahesabu sababu. Labda cahier imemuchanganya, muzee wa miaka sitini na tatu. Labda mwizi. Lakini mwizi gani anatuma namba za maji? Labda mutu wa pori amechukua telefone na cahier mufukoni mwa... hapo nikajikatisha. Mama akaniambia, «Acha kufikiri kwa nguvu, ninakusikia.»

Karibu saa sita ya usiku telefone ikalia. Ikaanguka kwenye maharagi. Ninashika, nasikia kwanza watoto wanalia, watoto wengi, mutu anakohoa, sahani zinagongana. Alafu:

«Charline.»

Mama akanipiga kwenye bega, «Ni yeye? Ni yeye?» Nikatikisa kichwa ndiyo.

«Papa, uko wapi?»

«Kasindi, kwenye mupaka wa Uganda. Kwenye salle ya paroisse, nyumba ya kanisa. Tuko mia tatu hapa ndani.»

«Na telefone? Ninapiga, ninapiga!»

«Ningeshika mungesikia hizi kelele. Mama yako angejua.»

Walikimbia tarehe tisa. Walisikia masasi ya bunduki upande wa mashamba, kila mutu akashika kile kilikuwa karibu. Papa akashika koti. Mufukoni kulikuwa cahier moja, ile ndogo, ya kwanza, zingine zote zilibaki kwenye sanduku. Wakapanda porini, wakalala huko siku mbili kwenye baridi, akajikata muguu kwenye jiwe. Na bado, Domi, huko juu porini, mahali telefone ilikamata rézo kidogo, alifungua cahier, akatafuta tarehe ya siku ile, akatuma. Ili Mama aweke sufuria.

«Lakini kwa nini hukuandika tu niko salama?»

«Sijawahi kuandika hivyo. Mungeogopa.»

Na ni kweli! Tungeogopa! Papa akituandikia «niko salama», Mama angevaa viatu palepale.

Alafu akatoka inje, kelele za watoto zikakatika. Nilifikiri rézo imekata.

«Tena...» akasema.

«Tena nini, Papa?»

«Ya mwisho niliyosoma mimi mwenyewe. Tarehe nane. Asubui neuf. Jioni neuf. Tisa kwa tisa.»

«Mawingu?»

«Jua kali, mutoto wangu. Jua la kuanika kakao.»

Wewe hauwezi kujua hiyo ni nini, Domi. Jua kali muzima-muzima, na kamuto hakakupanda hata unywele. Kijiko kimekauka. Mara moja, siku moja, labda sababu ni ingine, Prof atasema siku moja si kitu. Lakini Papa aliniambia alisimama pale mpaka giza ikaingia, anangoja kipande cha kidole, na hakikukuja. Hakuwa na nguvu ya kunitumia hiyo. Akasema nitatuma kesho. Kesho yake ndiyo wakakimbia.

Mama akaninyanganya telefone.

«Adalbert.»

Sikusikia ile Papa alijibu.

«Muguu unatembea?» Akasikiliza. «Kidogo? Basi hiyo kidogo itembee huku.» Akasikiliza tena. «Ubao gani? Mustari wa namba utakatika? Ukatike! Wewe ukikatika nani atausoma?»

Na akamurudishia mume wake telefone usoni, yani akakata. Alafu akaketi, akalia na mudomo umefungwa, bega tu ndiyo zinacheza-cheza. Mimi pia.

Ni siku ine sasa tangu aanze safari, Domi. Barabara ya huku kwetu haipitiki, ikabidi azunguke Uganda yote, aingie Rwanda, atokee Gisenyi. Carte yake ya utambulisho ilibaki Mutwanga, ana attestation tu, karatasi ya padri, na muhuri. Kila mupaka Mama anafunga, hakuli kitu. Na sasa niko Grande Barrière, kwenye mupaka wa Gisenyi na Goma, ndiyo maana unasikia hizi kelele. Ni saa nane na dakika arobaini na tano, wanafunga saa tisa. Ninamuona! Ule wa kofia ya sufu kwenye hili jua, muguu umefungwa kitenge. Kuna watu watatu mbele yake. Wawili. Mama anashika sketi yangu kama mimi ndiye nitatoroka.

Amefika. Agent anaangalia karatasi. Anaigeuza. Anaita mwingine. Wanaiangalia wote wawili, ee Mungu, iko kwa Kifaransa, musome tu! Wanamuuliza kitu. Papa anatoa cahier kwenye koti... Domi, anawaonyesha cahier! Anawaonyesha vidole! Agent anacheka. Anapiga muhuri. Anapita!

Mama amekimbia, na tension yake yote.

Na unajua ananiuliza nini kwa mbali, hata hajanishika mukono? «Prof ulimuambia?» Yesu, sijamuambia! Wageni wake wanafika leo jioni, atawaonyesha maji ya 2009! Ninarukia taxi-moto, pikipiki, sasa hivi. Kesho asubui, hata sijanawa, nitakuambia Prof alifanya uso gani.