Mwalimu Alisema Funga

Sare ilitutosha. Ukisahau mengine yote, hilo usilisahau: sare ya aina yoyote, hata ya bila kufungana, ilitupeleka Kombe la Dunia, sisi timu ya taifa ya wanawake ambayo hata mashuka ya kambini tulifua wenyewe. Tukifungwa, tunarudi nyumbani.

Mwalimu wetu hakuona aibu juu ya mpango wake. Alichora ubaoni wachezaji tisa nyuma ya mpira na mmoja tu mbele, winga wetu tunayemwita Upepo. Wapinzani waje wote, alisema, wakishajisahau tunawaadhibu. Hayo ndiyo mashambulizi ya kushtukiza: unakaa kimya unameza mate, halafu unampokonya mtu mpira na kukimbilia kule alikotoka. Waandishi walisema tunapaki basi. Na waseme. Mwenye nguvu mpishe, lakini mpishe ukijua kwake ameacha wazi.

Mimi ni beki wa kulia. Wenzangu wananiita Komeo, na jina hilo nimelilipia kwa machozi. Miaka minne nyuma, kwenye mechi kama hii, tamaa ya bao ilinipandisha mbele. Mpira ukapokonywa, wakapita pale pale nilipotakiwa kuwa, wakatufunga dakika ya mwisho. Mama yangu alisemwa sokoni mpaka akahamia soko jingine. Mwalimu peke yake ndiye hakunitupa, ila alinipa sharti moja: nisivuke mstari wa katikati. Sikuvuka tena.

Basi siku hiyo walitushambulia tukashika adabu. Kipa wetu aliruka huku na kule mpaka nikamwonea huruma. Dakika ya themanini na sita bado ilikuwa sifuri kwa sifuri, na miguu yangu nilikuwa kama nimeiazima kwa mtu. Winga wao akaja upande wangu, akanipiga chenga moja, akanogewa, akataka ya pili. Nikasema moyoni, bibi wee, hupiti. Nikamnyang'anya mpira, nikainua kichwa.

Mbele yangu uwanja ulikuwa mtupu. Wote walikuwa wamepanda, amebaki beki mmoja tu, naye Upepo alikimbilia kushoto akamvuta. Kelele za watu zilikuwa za kuziba masikio, lakini sauti ya Mwalimu naijua popote. Alikuwa amesimama ukingoni, mishipa ya shingo imemtoka.

"Komeo, funga! Funga!"

Jamani, nilikimbia. Ule mstari sikuuvuka, niliuruka. Nilijua nimeacha pengo nyuma, nikamkumbuka mama na soko lake, lakini Mwalimu ameshasema, na mimi ni nani nimkatalie? Kipa wao akanitokea. Nikampiga tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yake ukaingia wavuni taratibu, bila haraka yoyote. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Niliporudi nyuma nilimwona Mwalimu amechuchumaa, amejishika kichwa. Nikadhani ni furaha.

Dakika ya tisini na nne wakapata kona. Safari hii nilikuwa mahali pangu, nimemkaba mtu wangu barabara, lakini mpira ulitupita wote na beki wao mrefu akaupiga kichwa, ukaingia. Moja kwa moja. Tukauweka mpira kati, tukaugusa mara mbili, refa akapuliza kipenga. Sare. Tumekwenda.

Tulikuwa tumelaliana kwenye nyasi, tukilia na kucheka, Mwalimu alipokuja kunivuta pembeni. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, nilikwambia funga mlango. Funga njia, tulinde sare yetu."

Yeye alilisema neno kwa maana yake, mimi nikalisikia kwa maana yangu. Na lau ningelisikia alivyotaka yeye, ile kona ingetuzika.

Papo hapo waandishi wakatufikia. Wakataka kujua bao lile lilipangwaje. Mwalimu alivuta pumzi, akaniwekea mkono begani, akawaambia lilikuwa shambulizi la kushtukiza.

"Lilitushtua hata sisi tuliokuwa benchi," akaongeza, na machozi yakamtoka mbele ya kamera zote.