Deki Tatu, Rimoti Moja

Dakika mbili tu zilizopita Maibritt alikuwa anacheka. Sasa alikuwa amesimama katikati ya sebule ya wakwe zake, rimoti mkononi.

Kwenye tivii paliandikwa: *Inafuta. 4 kati ya 22.*

Ilianza kwa Silje, bintiye wa miaka minne, kumvuta sketi na kumwomba katuni. Aliomba kwa vidole, maana Silje hasikii tangu azaliwe, kama bibi yake Karla. Deki ya juu, ya kurekodia katuni kutoka tivii, ilikuwa imejaa za zamani. Maibritt akawasha, akafungua orodha, akachagua kufuta vyote, mashine ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza ndiyo. Ilipomaliza, akahamishia tivii kwenye deki ya chini ili mtoto aangalie hadithi moja ya bibi kwanza.

Na deki ya chini nayo ilikuwa inafuta.

Deki zilikuwa tatu, za aina moja, za rangi moja, zimepangwa kwenye kabati la vioo. Baba mkwe wake, Holger, alizinunua kwenye hoteli moja ya mji wao wa bandari, Hirtshals, ilipofunga milango. Ya juu aliifanya ya katuni, ya kati ya mpira wa mikono, ya chini ya Karla. Kila Jumapili, kwa miezi mitano, Karla alivaa sweta jeusi ili mikono yake ionekane vizuri, akasimama mbele ya kamera na kumsimulia mjukuu wake hadithi. Hadithi ishirini na mbili. Wiki tatu zilizopita kiharusi kilimpiga, na mkono wa kulia ukalala. Madaktari walisema wataona. Walisema hivyo kila siku.

*5 kati ya 22.*

Maibritt akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Hakuna kitu. Akabonyeza tena, akabonyeza na vingine, kisha akaogopa kwamba kila anachobonyeza kinasikilizwa na mashine tatu kwa pamoja na yeye anaiona moja tu. Akaiweka rimoti chini kama kitu kinachochoma, akampigia Holger, ambaye alikuwa hospitali kando ya kitanda cha mkewe.

"Holger, deki ya Karla inafuta hadithi. Inafuta yenyewe!"

"Deki haifuti yenyewe. Umebonyeza nini?"

"Nilikuwa nafuta katuni. Katuni tu!"

"Na solotepu?"

"Solotepu gani?"

"Ile nyeusi, Maibritt! Niliziba macho ya deki zingine mbili. Rimoti ni moja, mashine zote zinaisikia. Unabandua kwenye unayoitaka, unabandika kwenye zingine. Miaka sita nafanya hivyo."

Maibritt akayafumba macho. Jumamosi alikuja kuwasafishia nyumba, ili Karla akiruhusiwa arudi akute pananukia. Alivikuta vipande viwili vya solotepu iliyokunjamana, vimeshika vumbi, akavikwangua kwa kucha na kupangusa gundi kwa siki.

"Niliitoa," alisema. "Nilidhani ni uchafu."

Holger akapumua kwa nguvu.

"Wewe na usafi wako, binti. Siku moja utanisugua na mimi nitoke."

"Holger, imefika ya saba. Nichomoe plagi?"

"Ngoja! Taa nyekundu inawaka?"

"Inawaka."

"Basi diski inaandika. Ukiikatia umeme sasa inaweza kugoma kabisa, usipate hata moja. Ukiiacha, itafuta mpaka ya mwisho."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui."

Hakuwahi kumsikia Holger akisema neno hilo. Mzee huyu alikuwa fundi umeme wa bandarini miaka arobaini. Hata kuhusu mambo asiyoyajua alikuwa na jibu. Silje alikuwa amekaa zuliani, anaangalia namba kwenye tivii, anasubiri bibi atokee. Akamgeukia mama yake, akauliza kwa mikono: *Bibi yuko wapi?*

*Anakuja,* Maibritt alimjibu.

*9 kati ya 22.*

"Karla ameniona uso," Holger akasema kwenye simu. "Anataka kujua. Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli."

"Mgonjwa huyu, Maibritt."

"Ni mikono yake, Holger! Si yako wala yangu. Mwambie!"

Simu ikawekwa kitandani. Maibritt alisikia shuka, na mlio wa mashine fulani ya hospitali, na Holger akiguna jinsi anavyoguna akiongea na mkewe kwa mikono. Tivii ikaandika kumi. Sauti ya kiganja ikapiga kitu kwa nguvu, mara mbili.

"Anasema chomoa."

"Ana hakika?"

"Amepiga meza, kikombe kimemwagika. Chomoa, binti, chomoa!"

Maibritt akajitupa nyuma ya kabati. Nyaya zilikuwa nyingi na zote nyeusi. Akakamata lundo zima, akalivuta kwa nguvu zake zote. Tivii ikazima, taa ya pembeni ikazima.

Holger akamwongoza kurudisha waya mmoja mmoja: tivii, kisha deki ya chini peke yake. Mashine ikavuma, ikatafuta, ikavuma tena. Maibritt akapiga magoti mbele yake. Maandishi yakatokea meupe: *Diski haitambuliki. Iandaliwe upya?*

Alimsomea Holger.

"Usijibu. Zima, usiguse tena. Kuna fundi mjini Aalborg anayefungua diski. Pengine ataokoa kitu."

"Pengine?"

"Pengine, mwanangu. Sitakudanganya."

Hapo Maibritt akalia. Alilia akiwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, na Silje akaja kumgusa shavu na kuangalia maji kwenye kidole chake. Mtoto angekua. Angesahau. Ni mikono ya nani ingemwambia bibi alikuwa mchekeshaji kuliko wote Hirtshals?

Simu ikaita tena, safari hii kwa video. Uso wa Karla ulikuwa umevutwa upande mmoja, nywele zimesimama. Mkono wa kushoto ulipanda polepole, mzito, wa mtu anayejifunza upya. Maibritt alisubiri matusi. Alikuwa tayari kuyapokea.

*Mbuzi na kofia ya kasisi,* Karla alisema. *Unaijua?*

*Naijua. Karla, nisamehe.*

*Baadaye. Simulia.*

*Siwezi. Mikono yangu ni mibaya, mimi nimejifunza juzi tu.*

*Nimeiona. Mibaya sana. Simulia.*

Maibritt akaegemeza simu kwenye mguu wa meza, akapangusa pua kwa mkono wa sweta, akaanza. Mbuzi akatoka zizini. Mbuzi akamwona kasisi. Hajafika mbali, Karla akampungia mkono asimame.

*Huyo si mbuzi. Huyo ni mwenyekiti wa kijiji. Mbuzi ana njaa! Njaa iko wapi?*

Akarudia. Karla akakataa. Akarudia tena, na machozi yanaendelea kumtoka, na safari hii akatumbua macho na kutafuna hewa. Silje akacheka kwa sauti yake nene isiyojisikia, akaja kukaa mbele yake, karibu kabisa, magoti yakigusana.

Kwenye simu Karla hakucheka. Alikuwa amechoka, kichwa kilikuwa kimeanza kulalia mto. Lakini mkono wa kushoto ulibaki juu.

*Tena,* alisema. *Toka mwanzo.*